Vikwembe vya Koko na Gari ya Viti Viwili

Juma iliyopita mjukuu wangu alitoka chumbani na kitambaa mkononi. Huyu mtoto ana moto yake, yaani pikipiki, anaipenda kuliko anavyotupenda sisi wote, na kila asubuhi anaipangusa utafikiri inaenda kubatizwa. Akaniuliza, "Koko, hii kitambaa ya zamani naweza kupangusia moto?"

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Weka! Weka chini! Ulitoa wapi? Maskini mtoto aliiweka kwenye kiti polepole, kama mtu aliyeshika yai. Ni kipande cha kikwembe, kitenge cha kujifunga mwanamke, ukubwa wa sahani, rangi ilikwisha kwenda zake zamani. Katikati kuna doa jeusi la mviringo, lenye meno kuzunguka pande zote. Hakuna sabuni iliyowahi kulitoa hilo doa, na wa kwanza kujaribu nilikuwa mimi.

"Koko, iko nini?"

Nikamwambia aweke moto yake kivulini, aikale chini. Na wewe ndugu yangu unayesoma, ikala pia, kiti kipo.

Nilipokuwa mtoto tulikuwa tunakaa Nyalukemba, mjini Bukavu, kwenye parsele, yaani kiwanja, ya Koko wangu mimi, mama ya papa yangu, pale ambapo mteremko unaanza kwenda ziwani. Ilikuwa miaka ya Zaïre. Wanaume wanavaa abakosti, lile koti la kufunga vifungo mpaka shingoni, hakuna kravati, na sisi watoto masomoni, shuleni kwetu, tunaimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kufungua kaye zetu za kuandikia. Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya serikali, kila mtu na jembe lake au fagio lake barabarani. Asubuhi na mapema mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, anapita akiita, "Sambaza! Sambaza ya leo!" na sauti yake inashuka nayo mteremko mpaka inapotea. Mchana mabati yanalia kwa joto. Jioni kila nyumba inanuka makala ya kupikia na bugali, na ukinyamaza kidogo unasikia wapiga ngoma wa kanisa wakifanya mazoezi ya Dimanche, siku ya Bwana.

Mwisho wa ua palikuwa na kibanda cha mbao tulichokiita hangari. Humo ndimo ilimolala gari. Ndogo, viti viwili, haina paa, pua ndefu, na iko chini hivi kwamba kuku wa Koko walipanda juu yake bila hata kusumbua mabawa. Mzungu mmoja wa shamba la chai alikuwa akishindana nayo mbio na wazungu wenzake, siku za Dimanche, barabara ya kando ya ziwa, kabla ya uhuru. Babu yangu ndiye alikuwa mekanisie wake, fundi wa ile gari. Wote tulimwita Muzee, hata Koko mkewe. Siku mzungu alipofunga sanduku zake kukimbia, bwate ya vitesi, lile sanduku la gia, ilikuwa imevunjika, gari haiendi. Akamwambia Muzee, "Ni yako, kama utaweza kuiamsha."

Muzee hakuwa na haraka. Siku za juma alitengeneza malori ya watu. Gari ile ilikuwa ya Dimanche, baada ya misa, akishakula na kulegeza mkanda. Alifungua engine na bwate yote, kipande kwa kipande. Kila kipande alikisafisha kwa petroli, akakipiga tupa, kilichovunjika akatengeneza kingine kwa mkono, halafu akampa Koko aliyekaa mkekani kando yake. Koko anakifunga katika kipande cha kikwembe chake kilichochakaa, anapiga fundo, anaweka kikapuni.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Muzee hakuandika popote mpango wa vile vyuma. Alisema panya hawajui kusoma lakini wanakula vitabu. Mpango aliuweka katika nguo za mke wake. Kipande cha kwanza kilichotoka, walikifunga katika kikwembe cha harusi. Kilichofuata, kikwembe alichovaa alipotoka hospitali na mtoto wa kwanza, ambaye ni papa yangu. Halafu cha ubatizo. Halafu cha mwaka wa njaa, halafu cha uhuru, hivyo hivyo, wakifuata maisha yao mpaka kikapu cha mwisho. Kurudisha, unaanza na kikwembe kipya kabisa, unatembea kinyumenyume mpaka unafika harusini. "Kinachotoka kwanza kinarudi mwisho," ndiyo ilikuwa misa yake Muzee. Na usicheke. Mwanamke wa kwetu anaweza kusahau jina la gavana, anaweza kusahau hata miaka yake mwenyewe, lakini kikwembe alichovaa siku mtoto wake anabatizwa? Aka!

Nikwambie pia kwa nini Koko aliitaka ile gari kuliko Muzee mwenyewe alivyoitaka.

Koko alizaliwa Walungu, kwa watu wa ng'ombe. Muzee alipokwenda kumposa, wifi yake Koko, yaani mke wa kaka yake mkubwa, alimshika yule kijana mkono mbele ya watu wote, akaunusa. "Mikono yake inanuka mafuta ya gari," akasema. "Hainuki maziwa. Dada, utakula mafuta?" Ua mzima ulicheka. Koko akafunga vitu vyake, akateremka na mume wake mpaka Bukavu kwa miguu, kikapu kichwani, na hakurudi tena kule isipokuwa kwa vilio, siku za misiba, na hata kwenye vilio alikaa nyuma karibu na mlango.

Muzee akamwahidi kwamba siku gari itaamka, yeye ndiye atakaa kiti cha pembeni, na safari ya kwanza itakuwa Walungu. Koko alikuwa na maneno yake juu ya hiyo safari, tuliyajua kwa moyo kama Baba Yetu: "Nilitokaka kule na miguu. Nataka nirudi nikiwa nimeikala. Na nataka nione uso ya wifi yangu na haya macho yangu."

Macho yenyewe ndiyo yalikuwa shida. Mwaka ule, mwaka nilioingia la troisième primaire, darasa la tatu, Koko alianza kumwita mbuzi kwa jina la paka. Daktari akamwangalia na katorchi kadogo, akamwambia Papa kwamba mishipa ya ndani inakauka, dawa hakuna. Anaona leo, ataona miezi kadhaa, halafu basi. Muzee aliposikia, akaacha malori ya watu. Vipande vyote vilikuwa tayari, safi, vimefungwa. Kilichobaki ni kuvirudisha. Akasema Noeli haitapita.

Mvua za kwanza zilipoanza kurudi, kifua kikambana. Siku tatu tu, Muzee akatuacha. Sitaeleza zaidi, wewe pia umezika watu.

Tukalia siku za kulia. Siku ya kuondoa kilio wanawake wa kartie, mtaa wetu, wakaja na mabeseni yao, kama desturi: majivu ya mazishi yanazolewa, magodoro yanatoka juani, kila kitambaa ndani ya nyumba kinafuliwa ili huzuni isilale katika nguo. Wote walikuwa na kazi isipokuwa mimi. Hakuna aliyenipa hata soksi. Koko alikuwa na msemo wake juu yangu: "Huyu mutoto anafua kama mwenye kuaga nguo." Yaani nagusa, nasema kwaheri, naanika. Na ilikuwa kweli.

Lakini mtoto anataka kusifiwa, hasa katika nyumba yenye kilio. Nikaenda hangari. Nikaona vikapu vimejaa vitambaa vichafu vya mafuta. Nikasema moyoni, hivi wamevisahau. Nikafungua mafundo yote, moja baada ya moja, vyuma nikavirundika katika beseni kubwa, vitambaa nikavipeleka bombani na kipande cha sabuni ya mawese. Nikavianika majanini. Upepo wa ziwa ukaanza kunisumbua, kwa hiyo nikaviwekea mawe juu, na mawe yalipokwisha nikaweka vyuma vidogo vidogo. Nikasimama kuangalia kazi yangu, vikwembe vya maisha ya mtu vimetandazwa kijani na njano na bluu mpaka kwenye uzio. Nikaita, "Koko! Kuja uone!"

Alikuja akikunja uso, akikinga jua na kiganja. Akaangalia muda mrefu. Nilingoja sifa. Akakaa pale pale majanini na nguo zake za ujane.

"Mutoto wangu," akasema, bila ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyonichoma, "umefunga kinywa ya Muzee mara ya pili."

Papa alikuwa profesa wa hesabu, masomo ya sekondari. Mikono yake ilijua chaki. Muzee alijaribu kumfundisha spana akakataa, na nadhani kila mmoja alibaki na kidonda chake kidogo juu ya hilo. Jioni ile alisimama mbele ya beseni lililojaa vyuma, na kravati hakuna, na baba hakuna, akaviangalia kama mwanafunzi aliyeletewa mtihani wa darasa lingine. Jirani yetu naye akaja. Huyu alikuwa shofa wa lori, alipakia mchele Luberizi na kuuleta mjini, na sauti yake ilizoea kushindana na engine.

"Profesa, usijisumbue. Hii yote ni aliminyumu nzuri. Peleka kwa wale wanayeyusha sufuria, utapata sufuria mpaka watoto waoe."

"Sufuria ni kichwa yako," Koko akajibu kutoka mkekani. "Leta kile kiti. Hapana, si cha kwangu. Cha Muzee."

Akakaa kwenye kigoda cha mume wake, akamwambia Papa ampe chuma kimoja, kitupu, bila kitambaa. Akakishika kwa mikono miwili. Akafunga macho, yale macho yaliyokuwa yamebaki na kazi kidogo. Akakipima uzito, akakizungusha, akapitisha kidole kwenye tundu. Hata jirani akasogea kuangalia.

"Hii niliifunga mwaka ya njaa," akasema. "Ile kikwembe ya ndege. Weka pembeni."

Ndivyo ilivyoanza. Mikono ndiyo iliyofunga yale mafundo, na mikono haikuwa imesahau. Lakini si vyote. Vingine vilifanana, vingine vilikuwa vidogo mno, na Koko alikaa navyo akitikisa kichwa. Siku moja Papa akatandaza vitambaa vyote sakafuni ili amsaidie kukumbuka, akainama, akavua miwani, akaivaa tena. Kila kitambaa kilikuwa bado na sura ya chuma chake. Mafuta yalikuwa yamechora pale duara, pale mstari, pale tundu tatu. Mtu anayejua kufua angeyatoa yote.

Koko alipoelezwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu kilio. "Asante Nyamuzinda, Mungu wetu," akasema, "aliyenipa mujukuu asiyejua kufua!" Nikacheka pia. Lakini usiku nilihesabu miezi kwa vidole, na vidole havikunihurumia. Kama nisingefungua mafundo, kazi ingekuwa ya juma mbili tatu. Koko angekaa tu kitini, akionyesha kwa kidole, leta hiki, leta kile, na kufika Noeli angekuwa Walungu akiangalia uso wa wifi yake. Ile Noeli ilipita tukiwa hatujafika hata kikapu cha pili.

Usifikiri hata hivyo kwamba tuliishi kwa huzuni. Ukiniuliza furaha inanuka nini, nitakwambia petroli na vitunguu. Papa anarudi masomoni, anavua abakosti, anavaa koti ya buluu ya Muzee iliyomzidi mabega. Maman anatuletea bugali na sambaza ya kukaanga hukohuko hangari, na tunakula tukiwa tumezunguka ile pua ndefu kama meza. Papa alijaza ukuta wa mbao na hesabu zake za chaki, mzunguko huu, meno yale, na Koko anamwambia, "Wewe andika. Mimi nashika." Jirani, aliyesema tuyeyushe, sasa hatoki. Alileta matairi, alileta petroli katika bido, lile dumu lake la lori, alileta na mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Kifuniko cha bwate kilipoonekana kina ufa, Koko alitoa sufuria yake ya kupikia sombe, majani ya mihogo, ile kubwa ya sherehe, wayeyusha sufuria wakatuyeyushia kifuniko kipya. Baadaye alimwambia kila mgeni, "Sufuria yangu itatembea kuliko wewe." Rangi nyekundu, ile yake ya zamani, haikupatikana mji mzima, tukapaka kijani ya milango ya masomo. Viti Maman alivishona mwenyewe.

Na kila siku mikono ya Koko ilizidi kuwa myeusi. Mafuta yaliingia katika mistari ya viganja na chini ya kucha, akaosha na mchanga, akaosha na majivu, hayakutoka. Akaacha kuosha.

Kiangazi kilipoingia, engine iliamka. Jirani alizungusha mkono wa chuma mbele mara nne, mara ya tano ikakohoa, ikatema moshi, kuku wakaruka uzio, mbuzi akakata kamba, na ile sauti ikajaa ua wote. Papa alilia waziwazi. Koko alisimama karibu sana, uso mbele, akitafuta na mabaki ya macho yake ile kitu ya kijani inayotetemeka.

"Inaimba," akasema. "Lakini imeikala."

Maana haikwenda. Vipande vyote vilikuwa vimerudi isipokuwa kimoja: cha kwanza kutoka, cha mwisho kurudi. Kitambaa chake tulikuwa nacho, kikwembe cha harusi, doa la mviringo lenye meno. Ni kipinyo, gia ndogo ya chuma, Papa alieleza, hicho ndicho kinachopokea nguvu na kuipeleka magurudumuni. Bila hicho gari inanguruma tu. Na beseni lilikuwa tupu.

Tulitafuta. Yesu wangu, tulitafuta! Tuling'oa majani ya ua. Tuligeuza viota vya kuku. Jirani alizunguka kwa wauza vyuma vikuukuu mpaka upande wa pili wa mji. Mimi sikuweza kula. Nilijua ni nani aliyefungua lile fundo. Juma zikapita, vumbi likakaa juu ya kila kitu, ukungu wa kiangazi ukaficha ziwa, na Koko akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa barazani, mimi na yeye, akaniuliza kwa upole, "Mutoto, kumekwisha kucha?"

Jua lilikuwa juu ya magoti yake.

Nikamjibu bado kidogo. Halafu nikaenda nyuma ya hangari, nikajipiga kichwa kwa ngumi zangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwibia. Sikuiba sukari wala mkate, niliiba uso wa wifi yake, kitu alichokingoja tangu harusi, na hakuna mahali pa kukinunua.

Siku chache baadaye Maman alikwenda sokoni, Papa yuko masomoni kusahihisha mitihani. Maharage yalikuwa jikoni juu ya mbabula, jiko letu la makala, na mimi ndiye niliyeachiwa kuyaangalia. Niliyasahau. Tangu kilio Koko hakuwa ameingia jikoni: kwanza kwa ajili ya ujane, halafu Maman alimkataza moto kwa sababu ya macho. Lakini pua yake ilikuwa nzima.

"Maharage inaungua!" akaita. Nilipofika alikwisha kuingia, akifuata ukuta na kiganja. Akachukua kitambaa, akapapasa kifuniko, na mkono wake ukasimama.

"Hii kitu iko nini?"

"Ni jiwe ya kifuniko, Koko."

Akakinyanyua. Akakizungusha.

"Jiwe gani iko na meno?"

Ndugu yangu, kilikuwa pale wakati wote. Siku ile ya kufua nilikiweka juu ya kitambaa kuzuia upepo. Jioni Maman alipokusanya mawe yangu majanini, akaona kimoja kizito, kizuri, na kile kifuniko chetu kilikuwa kimepinda, hakishiki mvuke. Akakiweka juu. Masizi yakakifunika. Kila siku ya Mungu tulikula maharage yaliyolindwa na kile tulichokuwa tunang'olea majani ya ua, na Papa na hesabu zake zote hakuwahi kukanyaga jikoni.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameketi chini mlangoni, amekikumbatia kifuani, masizi mpaka kidevuni, anacheka na machozi yanashuka. Jioni ile ile Papa akakirudisha mahali pake, na gari ikatoka hangari kwa nguvu zake, ikavuka ua, ikavunja kipande cha uzio. Hakuna aliyesikitikia uzio.

Dimanche baada ya misa tukaenda Walungu. Papa kwenye usukani, Koko pembeni na kikwembe kipya na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa vita, mimi juu ya magoti yake. Nyuma yetu jirani na lori lake, eti kama tutaharibika, na ndani ya lori nusu ya kartie wakiimba. Barabara ilikuwa mashimo, tumbo la gari likakwaruza mawe, Papa akaomba msamaha kila mara, sijui alimwomba nani. Koko alitoa mkono nje akashika upepo. Nilimweleza kila kitu: mikalitusi, wanawake na mizigo yao ya mihogo, watoto wanaotukimbilia na kupiga kelele.

Tulipoanza kupanda karibu na kwao akaniminya tumbo.

"Sasa wewe ndiyo macho yangu. Tukifika utaniambia uso yake. Usiongeze, usipunguze."

Nikaomba njiani kote. Mungu, fanya kinywa chake kifunguke wazi. Fanya aangushe kitu. Nilitaka kumlipa Koko angalau hicho.

Tukaingia kati ya migomba, Papa akazima engine mbele ya ua. Watoto wakaja kwanza, halafu wanaume, halafu wanawake wakifuta mikono. Asinge, asinge, salamu kila upande. Halafu watu wakatoa njia. Mwanamke mzee sana alitoka nyumbani polepole, na mbele yake msichana wa umri wangu, na mkono wa yule mzee ulikuwa juu ya bega la msichana. Niliujua ule mkono. Mimi pia nilikuwa na mmoja begani.

"Iko aje?" Koko akanong'ona. "Uso yake iko aje?"

Niliangalia ule mkono tena.

"Sema!"

"Koko," nikasema, "na yeye haone."

Nilisikia pumzi yake ikisimama mgongoni kwangu. Yule mzee akafika, akauliza ni nani anakuja kwa watu na makelele kama haya, na Koko akasema jina lake la usichana, lile ambalo Bukavu hakuna aliyelitumia. Wifi akanyoosha mkono. Ukagusa pua ya gari, ukafuata chuma, ukapanda mlango, ukateremka upande wa ndani mpaka ukakuta mikono ya Koko. Akaishika yote miwili. Akainua mpaka usoni pake, akanusa.

"Mikono yako inanuka mafuta," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Jirani akazima lori lake.

"Nusa tena," Koko akamwambia.

Akanusa tena. Alikaa muda mrefu na ile mikono usoni, mpaka nikaona machozi yake yanapita kati ya vidole vya Koko.

"Basi ulikula mafuta, kweli."

"Nilikula," Koko akasema. "Na nilishiba."

Wakaletewa maziwa katika kibuyu kimoja, wakanywa wote wawili mlemle garini, maana Koko alikataa kushuka. Alisema ametembea vya kutosha.

Jioni tukirudi, baridi inaingia, aliniweka ndani ya kikwembe chake. Njia nzima sikumweleza hata mti mmoja, na yeye alijua kwa nini. Akaniambia sikioni, "Ungeacha vile vitambaa, mikono yangu ingebaki safi." Halafu akalala.

Leo hakuna kitu. Koko alimfuata Muzee, Papa akamfuata Koko. Hangari ilianguka mvua moja. Nchi ikabadilisha jina, watu wakaja na silaha na watu wakaenda, na gari, baada ya kukaa miaka bila matairi, ilikwenda mwishowe kwa wayeyusha sufuria, kama jirani alivyosema siku ya kwanza. Sikuwakasirikia. Ilikuwa na sufuria ya Koko ndani yake, ikarudi kwa ndugu zake. Pengine mahali fulani Kadutu mama mmoja anapikia maharage ndani yake leo, na anashangaa kwa nini yanachemka haraka hivyo. Mimi nimebaki na kikwembe cha harusi, cha kwanza kutoka.

Mjukuu wangu alisikiliza mpaka mwisho, moto imesimama kivulini. Halafu akachukua kile kitambaa kwa vidole viwili, akakipeleka puani.

"Koko," akasema, "haina harufu yoyote."

"Nusa tena," nikamwambia.